Ndege Iliyozunguka Vita

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea kusukuma tshukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, kuliko kushika kalamu, na herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya Sake, kwa hiyo mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kama mngelisikia mdomoni mwangu, msonge mbele. Mimi ni Kambale, yule wa hema la tatu karibu na bomba la maji kule kambini Mugunga, yule mliyekuwa mnamwita Bubu kwa sababu alikuwa hasemi. Ninaandika polepole. Lakini nasikia kisa changu kimeshawafikia huko vita vilikowatupa, Beni, Butembo, hata Uganda, na kila anayekisimulia anaongeza chake, na mmoja amesema eti nilisoma misa nzima kwenye mpaka. Sikusoma misa. Aibu yangu inatosha jinsi ilivyo, haihitaji kuongezwa, basi nimeona afadhali niitoe mimi mwenyewe.

Mnajua Mama yangu alibaki upande wa pili. Siku vita vilipoanguka kwetu alikuwa amekwenda Bunagana kuuza maharage, mapigano yakaingia katikati yake na sisi, yeye akavuka Uganda na waliovuka, sisi tukakimbia kuelekea Goma na Mama mudogo Kahindo, mdogo wake. Mimi nilikuwa na miaka minane, Masika, dada yangu, mitano. Tulikaa muda mrefu bila kujua kama yuko hai, na hata tulipopata sauti yake kwenye simu, kila mara ilikuwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Aliamini kwamba tulimhesabu kama mama aliyetupa watoto. Sisi hatukuwa na wazo hilo hata siku moja, lakini mimi kwenye simu ni mtu wa "ndiyo Mama" na "hapana Mama", sikuwahi kumwambia.

Mwaka huu alianguka kwenye ngazi kule Kampala, alikokuwa akipikia familia moja, akaumia nyonga. Walipomtibu akasema anataka kurudi nyumbani. Kwa bisi hakuweza, maana kutoka Kampala mpaka Kigali ni kukaa kitako usiku mzima, na nyonga ile ilikuwa haikubali. Uwanja wetu wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita. Basi wale watu aliowapikia wakaungana na watu wa kanisa lake wakamkatia tiketi ya ndege, Entebbe mpaka Kigali, na toka Kigali atachukua gari ndogo hadi kwenye mpaka, kizuizi tunachokiita barrière, na sisi tumpokee pale. Akanipigia simu.

"Kambale, napanda ndege siku ya Jumatano. Lakini sikia, mutoto wangu. Nikifika ku barrière nisione mutu wangu hata mumoja, nitajua mungali na kasirani. Sitawasumbua. Nitarudi kule nilitoka, kimya kimya."

"Ndiyo Mama," nikasema. (Mnaona? Ndiyo!) Halafu laini ikakatika, na namba yake haikupita tena.

Kesho yake picha ya tiketi ikaingia kwenye simu ya jirani yetu Mama Furaha, yeye ndiye mwenye simu kubwa katika kiwanja chetu cha Keshero, ua tunaokaa na wengine tangu tutoke kambini. Kiwanja kizima kikakusanyika, kwa sababu pale kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege, tunazisikia tu zikipita juu. Mama mudogo akanisukuma mbele.

"Kambale, weye ndiyo ulimalizaka darasa ya sita. Soma."

Nikasoma. Kutoka Entebbe 11h40. Kufika Kigali 11h40. Nikasoma tena nikidhani macho yangu yameteleza. 11h40, 11h40. Tarehe ilikuwa imeandikwa mara moja tu, kule juu, na ilikuwa Jumatano.

Hapa ndipo ningesema neno moja dogo, "sielewi", na mkasa huu usingekuwapo, ningekuwa sasa hivi nasukuma viazi vyangu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mtu mwenye haya anaogopa kusema "sielewi" kuliko anavyoogopa kusema uongo. Nikafikiri haraka. Ndege haiwezi kutoka na kufika dakika ile ile, basi 11h40 ya pili lazima ni ya siku inayofuata.

"Atafika Alhamisi," nikasema.

"Alhamisi?" Mama mudogo akauliza. "Ndege, siku muzima na usiku wote? Bisi yenyewe inalala njiani mara moja tu!"

"Inazunguka," nikasema.

"Inazunguka nini?"

"Vita."

Watu wakaelewa. Na mnajua kwa nini walielewa, kwa sababu kila mmoja pale kiwanjani alikuwa amezunguka vita kwa miguu yake. Barabara ya huku imefungwa, unapita ya kule, ya kule imefungwa, unapanda mlima, mahali pa saa mbili unatumia siku mbili. Kwa nini ndege isizunguke? Mzee mmoja wa Masisi akaitikia kwa kichwa akasema, "Ni kweli, hata kule juu lazima ijichunge." Ikaisha hivyo. Nilikuwa nimeaminiwa, rafiki zangu, kwa mara ya kwanza maishani nimesema kitu mbele ya watu ishirini na wote wameitikia, na utamu wake ulinilevya.

Tena ngojeni niwape lililo baya zaidi. Nilipokaa peke yangu nilifanya hesabu, ile mwalimu wa darasa la tano aliyotufundisha, umbali ugawe kwa muda. Toka Kampala mpaka Kigali kwa barabara watu husema ni kama kilometa mia tano. Nikagawa kwa saa ishirini na nne. Ikatoka kilometa ishirini na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa tshukudu yangu ikiteremka na magunia mawili. Nikaliona jibu, nikaona kwamba ndege ya Mama inakwenda kama tshukudu, nikafuta kwa mkono nikasema hesabu ndiyo imekosea.

Basi mapokezi yakawekwa Alhamisi. Korali yetu ya parokia (mimi naimba safu ya nyuma, sauti ya chini, mahali ambapo haionekani ukinyamaza) ikakubali kuja kumwimbia, na kanzu za korali zikaletwa kwetu tuzipige pasi, kanzu nyeupe ndefu ambazo fundi alizishonea ukosi uliosimama, sijui alifikiri anawashonea nani.

Jumatano mchana tukaitoa nyumba nje. Magodoro juani, viti juani, mlango nimeung'oa ili nisugue bawaba, ukuta nusu una chokaa na nusu hauna. Suruali yangu ya pekee nzuri nilikuwa nimeifua kwa ajili ya kesho, ilikuwa kwenye kamba inadondosha maji, ile ya kazi imejaa chokaa nimeilowesha kwenye beseni, na mimi nimebaki na kapitula ya mpira yenye tundu nyuma. Jua likiwa limekwisha kuinama, Mama Furaha akarudi toka Gisenyi na beseni lake kichwani, maana huwa anavuka mpaka kila siku kuuza nyanya. Akatua, akanywa maji, akasema kama mtu anayesema habari za mvua:

"Leo ku barrière nimeona mama mumoja na fimbo, iko anakaa juu ya valizi yake ya nguo. Anafanana na Kahindo, mutasema mapacha! Anaangalia kila mutu mwenye kupita."

Mama mudogo akainuka polepole. "Ukamuuliza jina?"

"Aka! Nimuulize kwa nini? Nilisema haiwezi kuwa dada yako. Dada yako iko angani, anazunguka vita."

Sijui kama mmewahi kusikia ujinga wenu wenyewe ukitoka mdomoni mwa jirani. Nikaangusha burashi ya chokaa. Siku zile mpaka ulikuwa unafungwa mapema, na nikasikia sauti yake kabisa masikioni, nitarudi kule nilitoka, kimya kimya.

"Kimbia!" Masika akapiga kelele.

"Na nini?" nikasema nikishika kapitula yangu kwa nyuma.

Akanitupia kitu cha kwanza kilichokuwa kimepigwa pasi. Nikakivaa nikikimbia. Ilikuwa kanzu ya korali.

Barabarani motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akafunga breki mbele yangu hata kabla sijainua mkono. "Padiri, panda! Ni wapi?"

"Grande barrière," nikasema, na tena, ile ilikuwa nafasi ya kusema mimi si padiri, neno fupi tu, lakini haraka ilinishika nikapanda. Njia nzima alikuwa anapiga honi akiwafokea wenzake, "Mupishe padiri! Kuna mutu iko anakufa!" Nilipojaribu kumwambia hakuna anayekufa, upepo uliniingia mdomoni na kanzu ikanifunika uso. Tulipofika akakataa kabisa nauli (na mimi mifuko sikuwa nayo, sijui ningelipa na nini), akainamisha kichwa juu ya usukani.

"Ubariki moto yangu, Padiri. Inazimikaka ku mulima."

Nikaigusa moto ile, pikipiki yake. Nikasema, "Pole." Ndilo neno lililokuja.

Pale mpakani watu walikuwa wengi, wale wa kurudi nyumbani kabla ya kufungwa, mizigo, mabeseni, mbuzi. Nikanyoosha shingo kutafuta mwanamke mwenye fimbo, nikainua mkono juu ili anione, na lilikuwa kosa, kwa sababu mkono ulioinuka ndani ya kanzu nyeupe, ninyi mnajua watu wetu wanauelewaje. Mama mmoja akaniwekea mtoto wake chini ya mkono ule. Mtoto alikuwa analia sana. Mkono ulipomgusa, akanyamaza. (Nadhani aliogopa chokaa iliyokuwa kwenye vidole.)

"Eh! Mumeona?" mama yule akasema kwa sauti. "Mutoto analia tangu asubui! Padiri huyu iko na mukono!"

Hapo ikawa balaa. Polisi wa mpaka akaja, nikadhani ananiokoa, kumbe amekuja kupanga watu. "Mustari! Mustari moja! Bamama ya mimba mbele! Padiri hawezi kubariki batu sawa mutu iko anagawa kuku!" Na watu wakajipanga. Mimi katikati, mgongo kwenye ukuta ili tundu la kapitula lisije likaonekana ikiwa upepo utapiga, jasho linatiririka, natafuta Mama yangu kwa macho juu ya vichwa, na kila kichwa kinachofika mbele yangu nakigusa na kusema, "Pole, pole Mama, pole Papa." Wengine walilia. Mzee mmoja alisema hajawahi kusikia baraka inayomfaa kama ile. Na kadiri walivyofurahi ndivyo nilivyoshindwa kusema ukweli, na jua linashuka, na polisi anatangaza kwamba dakika si nyingi mpaka utafungwa.

Kisha ikafika fimbo. Niliiona fimbo kwanza, halafu valizi iliyofungwa kwa kamba, halafu kitambaa cha kichwa, kwa sababu alikuwa ameinama.

"Padiri," akasema, "unibariki nirudi muzuri. Nilikuya kuona batoto yangu. Habakukuya. Mimi nabaelewa. Uniombee tu nifike."

Sauti ile, hata ungenizika ningeijua.

"Mama," nikasema.

"Ndiyo, Padiri."

"Mama!"

"Ndiyo, Padiri, nakusikia."

Nilikuwa nimemwita hivyo kila mwanamke wa mstari mzima, angejuaje? Alipoinua uso akaniangalia, na hakunijua. Aliacha mtoto wa miaka minane, aliona mbele yake mtu mrefu wa kanzu na ndevu nne. Akafanya ishara ya msalaba, akageuka, akachukua valizi na kuanza kuelekea kizuizini, hatua, fimbo, hatua.

Rafiki zangu, mdomo wangu ulipokataa nikatumia kilichobaki. Nilikimbia nikampita, nikasimama mbele yake, nikaipandisha kanzu mpaka kiunoni. Kwenye goti la kushoto nina kovu la jembe, refu, lililopinda, na mtu aliyelifunga jeraha lile kwa kitenge chake ni yeye.

Nyuma yangu mwanamke akapiga kelele, "Yesu wangu! Padiri anavua!"

"Na kapitula iko na tundu!" akaongeza mtoto fulani, aliyekuwa upande usiofaa.

Lakini Mama alikuwa anaangalia goti. Akaangusha valizi.

"Kambale?"

"Nilisoma tiketi vibaya," nikasema, na lilipotoka la kwanza yakatoka yote, kwa haraka, mbele ya mpaka mzima, nilivyokuwa sijawahi kusema maishani. "Nilisema utafika kesho, niliwaambia wote kesho, korali itakuja kesho, hatuna kasirani, Mama, hatujawahi kuwa na kasirani, tumetoa hata magodoro nje, mimi si padiri, sina suruali!"

Akanipiga fimbo begani. Akapiga tena. Halafu fimbo nayo ikaanguka, na nikalazimika kumshika kwa sababu ya nyonga, na kwa sababu nyingine.

"Kesho namna gani?" akasema ndani ya kanzu. "Ndege ni saa moja tu. Saa moja! Hata sikumaliza soda. Nimepanda onze heures quarante, ile 11h40 ya tiketi, nimeshuka onze heures quarante, saa ya Uganda inatangulia ya huku kwa saa moja, hata batoto banajua!"

Na hapo polisi, aliyekuwa bado ameshika mstari wake, akauliza polepole, "Kijana, weye radio ya Kinshasa haujawahi kuisikia?"

Hilo ndilo lililoniuma kuliko fimbo. Kwa sababu sisi wa Goma tumekua na jambo hilo sikioni, radio ya Kinshasa ikisema ni saa sita, hapa kwetu saa saba, kila siku ya Mungu tunaongeza saa moja bila kufikiri. Nilijua kwamba saa inabadilika ukienda magharibi. Sikuwahi kufikiri kwamba na mashariki pia ni hivyo.

Watu walicheka, sitawaficha. Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Wengine walitaka kukasirika kwa sababu ya baraka, lakini mama wa yule mtoto akasema mtoto wake amenyamaza na yeye harudishi kitu, na yule mzee aliyeifurahia baraka akasema amekwisha kupata yake, na motari akarudi kutuambia moto imewaka bila kusukumwa. Polisi akatutafutia gari ndogo na kumweka Mama kiti cha mbele.

Nyumbani hakukuwa na mlango wala chakula cha wageni. Mama alikaa kwenye kiti kimoja katikati ya magodoro, Masika kwenye mguu wake mzuri, Mama mudogo anamshika mkono asiuachie, na yeye akala fufu, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo iliyobaki mchana, akasema ni tamu. Kesho yake korali ikafika saa ile ile tuliyopanga, ikaimba nyimbo zote nne za kumkaribisha mtu aliyekuwa tayari anawamenyea viazi. Waliimba kanzu moja ikikosekana, ile niliyovaa. Ilikuwa kwenye beseni.

Jumapili padiri wetu wa kweli akaniita. Akaniuliza niliwabariki watu kwa maneno gani. Nikasema, "Kwa 'pole', Padiri." Akageuza uso kwenye dirisha, mabega yake yakatikisika kidogo, halafu akanipa ufagio, nikafagia kanisa wiki mbili. Sikunung'unika. Kila nikifagia nilikuwa nakumbuka mgongo wa Mama ukielekea kizuizini, hatua, fimbo, hatua, na nilikuwa nashukuru kwamba nilikuwa na goti lenye kovu.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. Kanzu ya mtu sivai tena hata nyumba ikiungua. Na nisipoelewa kitu nasema "sielewi", kwa sauti, mbele ya wote, mpaka Masika amechoka. Mama anasema nimekuwa msemaji kupita kiasi.

Sasa ninyi mniandikie. Bubu amewaandikia kurasa zote hizi, hamna tena sababu ya kunyamaza. Mniambie nani yuko hai, nani ameoa, nani anafikiri kurudi. Na siku mtakayokuja, andikeni saa mtakayofika, na pembeni yake andikeni ni saa ya wapi. Mimi nitakuwa pale mpakani tangu jana yake, na suruali.